AHADI ILIYOANDIKWA JUU YA SHABA
Sarafu za watu binafsi, haki ya mnyonge na uaminifu wa Kanisa

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)





Utangulizi

Msomaji wa kitabu cha Jubilei hutazamia kukuta humo majina ya walioweka msingi, hesabu ya waliobatizwa na waliopata Kipaimara, na picha za majengo ya awali. Hayo yote ni mema, nayo yana kurasa zake. Mada hii inahusu jambo dogo ambalo mara nyingi halipati nafasi katika historia ya Kanisa, nalo ni chenji, yaani ile sarafu ndogo ambayo maskini huishi kwayo.

Udogo wa jambo hili usimdanganye mtu. Katika Injili ya Marko, sura ya 12, Bwana Yesu aliketi akitazama jinsi watu walivyotia fedha katika sanduku la hazina. Matajiri walitia nyingi, lakini alichowaonyesha wanafunzi wake ni vipande viwili vidogo vya mjane maskini. Mjane yule aliweza kutoa kwa sababu palikuwapo sarafu iliyolingana na umaskini wake. Je, ingekuwaje kama katika mji wote kusingekuwa na sarafu ndogo? Au ingekuwaje kama vipande vile viwili vingekuwa vya kughushi, naye amelipwa na tajiri aliyejua kwamba ni vya kughushi?

Maswali hayo si ya kubuni. Yaliwapata watu halisi, katika nchi iliyokuwa na wafalme, maaskofu na Biblia katika lugha yake yenyewe. Habari zao zinafaa kusikiwa na Usharika unaotimiza karne moja, kwa sababu kiini chake ni ahadi: nani anaahidi, nani anapokea ahadi hiyo, na nani anapata hasara ahadi inapovunjwa.

Nchi yenye dhahabu isiyo na chenji

Katika Uingereza ya karne ya 17, mfalme alipiga sarafu za dhahabu na za fedha. Shaba ilionekana kuwa madini duni yasiyostahili sura ya mfalme. Lakini mkate, mshumaa na kibaba cha unga havinunuliwi kwa dhahabu. Mfalme James wa Kwanza, badala ya kubeba kazi hiyo mwenyewe, mwaka 1613 alimpa mkuu mmoja, Lord Harington, kibali cha kutengeneza robo peni za shaba na kujipatia faida kwazo. Sarafu zile zilikuwa nyepesi mno, zikachukiwa, na Bunge likazikomesha katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Baada ya hapo ikawa ukame. Kuanzia mwaka 1648 hivi, wenye maduka, waoka mikate, wenye nyumba za wageni na watengeneza mishumaa walianza kujipigia vipande vidogo vya shaba vyenye thamani ya robo peni au nusu peni. Kila kipande kilikuwa na jina la aliyekitoa, jina la mji wake, na mara nyingi alama ya kazi yake, ili hata asiyejua kusoma atambue ni cha nani. Baadhi ya miji na wasimamizi wa maskini nao walitoa vyao. Maelfu ya aina za vipande hivyo yamehifadhiwa hata leo.

Serikali haikuwa imeruhusu. Vipande hivyo vilikubalika kwa sababu jirani alimfahamu jirani. Mwenye duka ambaye asingepokea kipande chenye jina lake mwenyewe angeaibika mtaani kote. Eneo la matumizi lilikuwa dogo, pengine mitaa michache, lakini ndani ya eneo hilo ahadi ilikuwa hai. Mwaka 1672 Mfalme Charles wa Pili alianza kutoa nusu peni na robo peni za shaba za serikali, na vipande vya watu binafsi vikapigwa marufuku.

Mshahara wa kughushi

Karne moja baadaye ukame ulirudi, na safari hii ukiwa mkali zaidi. Viwanda na migodi vilikuwa vimeanza kukua. Maelfu ya watu waliacha mashamba wakawa wanalipwa ujira kwa juma. Kila Jumamosi mwajiri alihitaji magunia ya sarafu ndogo, wala hazikupatikana. Kiwanda cha Sarafu cha Mfalme kiliacha kupiga shaba mwaka 1775, na fedha iliyopigwa ilikuwa kidogo sana. Tena hata zilipokuwapo, sarafu za shaba zilitolewa London; mwenye duka wa mbali alipaswa kugharimia mwenyewe kuzisafirisha. Zikijaa mahali zisipohitajika, hapakuwa na mtu aliyelazimika kuzipokea na kuzibadilisha.

Waliojaza pengo hilo walikuwa wezi. Uchunguzi wa mwaka 1787 ulionyesha kwamba katika kila sarafu 100 za shaba zilizokuwa mikononi mwa watu, ni 8 hivi tu zilizofanana kwa kadiri ya kuridhisha na sarafu halali ya mfalme. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, aliandika mwaka 1789 kwamba katika safari zake alirudishiwa chenji kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara, na theluthi mbili ya chenji hiyo ilikuwa ya bandia.

Boulton alieleza pia jambo lililo zito zaidi. Baadhi ya waajiri waliwaendea wahalifu kwa siri, wakatoa shilingi 20 halali na kupokea sarafu za bandia zenye jina la shilingi 36. Kisha walizitumia kuwalipa wafanyakazi wao maskini. Mfanyakazi hakuwa na la kufanya. Akizikataa, analala njaa. Akizipokea, huenda mwenye duka akazikataa au akapandisha bei.

Waajiri wengine, kwa kukosa chenji, waliwalipa watu kadhaa kwa pamoja sarafu moja kubwa, wakaenda kuigawa kwenye kilabu cha pombe, ambako mwenye kilabu hakubadilisha mpaka wanywe kwanza. Wengine walichelewesha malipo kwa majuma mengi. Wengine walilipa kwa bidhaa kutoka duka lao wenyewe, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Ukosefu wa kitu kidogo uliharibu nyumba za watu.

Mlima wa Parys

Katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, kuna mlima uitwao Parys. Mwaka 1768 iligunduliwa humo hazina kubwa ya shaba. Mwanasheria mmoja, Thomas Williams, akawa kiongozi wa biashara hiyo mpaka akaitwa mfalme wa shaba. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi huo, ikiwa na watu wengi wa kuwalipa na shaba tele mikononi, ilianza kupiga peni zake yenyewe.

Peni hiyo ilikuwa nzuri kuitazama. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha kuhani wa kale wa Wales, amejifunika kilemba cha nguo, amezungukwa na majani ya mwaloni. Upande wa pili ulikuwa na herufi za kampuni, pamoja na ahadi kwamba mwenye kuishika atalipwa peni moja. Na kwenye ukingo, mahali ambapo mwizi hupenda kukwangua, yaliandikwa majina ya mahali pa kulipwa: London, Liverpool na Anglesey.

Mambo matatu yaliifanya peni hiyo iaminike. La kwanza ni uzito wake. Ilikuwa na uzito wa wakia moja, karibu gramu 28, kwa hiyo peni 16 zilifanya ratili moja ya shaba. Sarafu ya mfalme, hata ile iliyo halali, ilitolewa peni 23 kwa ratili hiyohiyo. Kampuni binafsi ilimpa mfanyakazi shaba nyingi kuliko mfalme. La pili ni jina: aliyeitoa alijulikana. La tatu ni mahali: aliyetaka kulipwa alijua pa kwenda. Kampuni ilipiga tani 250 za peni na tani 50 za nusu peni, zikasambaa mbali sana na Anglesey.

Wengine wakafuata. John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, alitoa sarafu zenye sura yake mwenyewe na jina lake. Kwa muda wa miaka 10 hivi miji, wafanyabiashara na wenye viwanda walitoa aina nyingi mno za sarafu. Mwaka 1798 James Conder, muuza nguo wa mji wa Ipswich, alichapisha orodha yake, na hadi leo wakusanyaji huziita sarafu hizo kwa jina lake.

Tendo la kubadilisha kipande cha namna hiyo kwa fedha halali huitwa kukikomboa. Neno hilo halihitaji kufafanuliwa mbele ya Wakristo. Kipande kisichokombolewa na aliyekitoa ni bati tu, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Ahadi isiyo na mwenyewe

Palipo na ngano, magugu nayo huota. Biashara ya sarafu za binafsi ilipoonekana kuwa na faida, waliingia watu wasiokuwa na mgodi, wala duka, wala wafanyakazi. Walipiga vipande vyepesi, wakaviuza kwa jumla kwa bei ya chini. Vingine havikuwa na jina la mtu. Vingine vilitaja mji, lakini ukifika mjini hukuti mtu wa kukulipa. Hata peni nzuri za Anglesey zilighushiwa.

Hapo ndipo tofauti ilipojulikana. Kwa macho, kipande cha mwaminifu na kipande cha mdanganyifu vilifanana: vyote vilikuwa vya shaba, vyote vilikuwa na maandishi. Tofauti ilionekana siku ya kudai. Na aliyekuwa wa mwisho kukishika ndiye aliyelipa gharama ya uongo wa yule wa kwanza. Mara nyingi wa mwisho huyo alikuwa mtu asiyekuwa na mzani wa kupimia shaba, wala nauli ya kwenda kumtafuta aliyeahidi: mchimba madini, mfumaji, mwanamke mwenye kikapu sokoni.

Shaba ileile, soko jingine

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haiwezi kupitwa kimya na mtu yeyote aliyezaliwa Afrika. Shaba ya Mlima wa Parys haikuishia katika mishahara ya watu wa Wales. Sehemu yake ilifanywa bidhaa za kupelekwa pwani ya Afrika Magharibi, zikiwemo bangili nzito zilizotumika huko kama fedha, na kwa fedha hiyo watu walinunuliwa. Mwaka 1788 Bunge la Uingereza lilipojadili muswada wa kuidhibiti biashara ya watumwa, Thomas Williams alipeleka malalamiko bungeni. Alieleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wameweka mtaji mkubwa katika bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika.

Kwa hiyo mkono ulioandika ahadi ya kweli kwa mfanyakazi wa karibu ndio uliotetea faida iliyotokana na shingo ya Mwafrika wa mbali. Uaminifu wake ulikuwa na mpaka. Ulifika mpaka pale ambapo macho ya jirani yalifika.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1790, sarafu za nusu peni zilipigwa zikiwa na picha ya Mwafrika aliyepiga magoti, mikono yake imefungwa minyororo, pamoja na maneno yanayouliza kama yeye naye si mtu na ndugu. Upande wa pili wa baadhi yake ulikuwa na mikono miwili iliyoshikana, na ombi kwamba utumwa na uonevu ukome duniani kote. Picha hiyo ya mtu aliyepiga magoti ilikuwa imeenezwa tangu mwaka 1787 na kamati iliyopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Sasa iliingia mfukoni mwa mtu wa kawaida. Aliyenunua mkate aliulizwa swali hilo na chenji yake.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku na Bunge la Uingereza mwaka 1807. Katika pwani ya Afrika Mashariki iliendelea miaka mingi baadaye. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Serikali yaamka

Mwaka 1797 serikali ya Uingereza ilimpa Matthew Boulton kazi ya kupiga sarafu za shaba. Boulton alikuwa na mashine zilizoendeshwa kwa nguvu ya mvuke, matunda ya ushirikiano wake na James Watt. Peni yake mpya ilikuwa na uzito wa wakia moja kamili, na peni mbili wakia mbili. Kwa maneno mengine, mfalme alifuata kipimo kilichokuwa kimetangulizwa na mgodi wa Anglesey miaka 10 kabla. Wakubwa walijifunza haki kutoka kwa kipande ambacho hawakukiidhinisha.

Upungufu ulirudi tena, na kuanzia mwaka 1811 vipande vya binafsi viliibuka upya. Mwaka 1817 Bunge lilitunga sheria ya kuvikomesha. Katika sheria hiyo vipande vilivyotolewa na wasimamizi wa maskini wa miji ya Birmingham na Sheffield viliongezewa muda. Ilieleweka kwamba kuvifuta kwa siku moja kungeleta dhiki kwa watu wa miji hiyo. Marufuku, hata yakiwa ya haki, yanaweza kumwangukia maskini mwenye kipande mkononi kuliko tajiri aliyekitoa. Mtunga sheria mwenye hekima huuliza kwanza: leo hii, kipande hiki kimeshikwa na nani?

Muhuri peke yake hautoshi

Mtu aweza kudhani kwamba fundisho lake ni hili tu: cha binafsi kibaya, cha serikali chema. Historia ya nchi mbili inakataza haraka hiyo.

Ya kwanza ni Sweden, nchi ya Kilutheri. Katika vita vya Mfalme Charles wa Kumi na Mbili hazina ilikauka. Kuanzia mwaka 1715 serikali yenyewe ilitoa vipande vidogo vya shaba vilivyoamriwa kupokelewa kama daler nzima ya fedha, ingawa shaba iliyokuwamo ilikuwa na thamani ndogo sana. Toleo la mwaka 1716 liliandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana ya imani ya umma. Mfalme alikufa vitani mwaka 1718. Mwaka uliofuata waziri aliyelaumiwa kwa mpango huo, Baron Görtz, aliuawa kwa kukatwa kichwa, vipande vikashushwa thamani, na raia waliovipokea kwa utii wakabaki na hasara. Muhuri wa mfalme ulikuwapo. Neno imani lilikuwapo. Kilichokosekana ni kutimiza.

Ya pili ni ardhi hii. Wajerumani walipotawala, watu walihesabu pesa 64 kwa rupia moja, na tangu mwaka 1904 heller 100 kwa rupia. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli, sarafu ziliadimika. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, serikali ya Wajerumani ilipiga heller 20 na heller 5 kutokana na shaba na mabaki ya madini yaliyopatikana. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tabora ilitekwa na majeshi ya Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1921 ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki, pamoja na senti zile zenye tundu katikati, ambazo watoto wengi walizibeba kwenda kanisani zikiwa sadaka.

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1916 na 1920, wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini au kurudishwa kwao. Sarafu zilibadilika, watawala walibadilika, na waliokuwa wakitoa posho waliondoka. Katika sharika nyingi Injili iliendelezwa na walimu na wazee Waafrika, wakati ambapo fedha ya jana haikujulikana kama itapokelewa kesho. Kilichoshika thamani yake ni neno la watu wale. Walisema watafundisha, wakafundisha. Walisema watazika wafu na kubatiza watoto, wakasimamia hayo kadiri walivyoruhusiwa.

Mafundisho kwa Usharika wa leo

Martin Luther aliliona jambo hili. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza amri ya saba, haridhiki na kumkataza mtu asiibe kwa mkono. Anataja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Katika Katekisimo Kubwa anataja waziwazi wanaodanganya kwa vipimo, kwa mizani na kwa sarafu. Kila kijana anayejiandaa kwa Kipaimara hufundishwa amri hiyo. Na upande wa pili wa maelezo ya Luther ni kumsaidia jirani ailinde na kuiendeleza mali yake.

Kutokana na habari hizi, mambo manne yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, haki huanzia kwenye kitu kidogo. Mwenye duka anayemrudishia mtoto pipi au kiberiti badala ya chenji hufanya hivyo kwa sababu amekosa sarafu, na mara nyingi hana nia mbaya. Lakini mama aliyemtuma mtoto yule alihitaji sarafu, hakuhitaji pipi. Mkristo mfanyabiashara anayeandika deni la chenji kwenye daftari lake na kulilipa kesho yake ametoa sarafu ya Anglesey: lina jina, na lina mahali pa kulipwa.

Pili, ujira usicheleweshwe. Wachimba madini walioteseka kwa kungoja malipo wana ndugu zao hata ndani ya Kanisa. Mwinjilisti anayetembea kwa miguu mtaa hadi mtaa, mlinzi wa kanisa, mwalimu wa shule ya awali ya Usharika, wote hununua unga kila siku. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Usharika unaoweka bati jipya huku mtumishi wake akikopa chumvi kwa jirani umeandika ahadi na kufuta anwani ya kulipia.

Tatu, ahadi ya msharika ni sarafu yake. Jina linapoandikwa kwenye kadi ya ahadi, mafundi huitwa, saruji huagizwa, na Mzee wa Kanisa hutia saini kwa kuiamini. Ahadi isipotimizwa, anayebaki amesimama mbele ya mwenye duka la vifaa ni yule mzee. Ni heri kipande kidogo chenye uzito kamili kuliko kikubwa chenye jina la mji usiokuwapo. Mjane wa Injili hakuahidi. Alitoa alivyokuwa navyo. Vivyo hivyo, uongozi unaopokea ahadi hizo wajibu wake ni kutoa stakabadhi na kusoma hesabu mbele ya wote, ili mwenye kutoa ajue kilikokwenda kile alichotoa.

Nne, uaminifu usiwe na mpaka. Funzo la Mlima wa Parys ni chungu. Inawezekana kuwa mwema kwa wa nyumbani na kuwa mkatili kwa wa mbali, tena kwa shaba ileile. Usharika wenye umoja mzuri ndani ya kuta zake unaulizwa swali la yule mtu aliyepiga magoti juu ya nusu peni. Linaulizwa na kibarua asiye wa kabila la hapa, na mtumishi wa ndani asiyelipwa, na mgonjwa asiyekuwa na ndugu. Hawa nao si watu? Si ndugu?

Hitimisho

Sarafu za binafsi za Uingereza zimekuwa vitu vya makumbusho. Hakuna tena wa kuzikomboa; kampuni imekwisha, maduka yamekwisha, na waliozipokea wamelala makaburini. Ahadi ya mwanadamu, hata iliyo njema, ina mwisho wake.

Katika miaka 100 Usharika huu umeishi kwa ahadi ya namna nyingine. Katika Ubatizo mtoto huitwa kwa jina lake, na aliyemwahidi hajahama wala hajafilisika. Katika Meza ya Bwana hakuna anayepimiwa kipande chepesi kwa kuwa ni maskini. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 1, anakumbusha kwamba waamini hawakukombolewa kwa vitu viharibikavyo kama fedha na dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Wala shaba haikutajwa.

Wale waliokombolewa kwa thamani hiyo wana sababu ya kuwa watu ambao neno lao lina uzito kamili, lina jina, na lina mahali pa kulipwa. Watakaofungua kitabu hiki katika Jubilei ya miaka 200 watahesabu majengo, na hiyo ni haki yao. Lakini mjane wa mtaa wa mwisho, aliyetoa vipande vyake viwili, yeye atakuwa amekwisha kujua zamani kama ahadi za Usharika huu zilikuwa za kweli.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.